Kadi ya Picha kwa Kompyuta ya Malindi: RTX 3050 ya Gigabaiti 6 au RX 6600?

Mtu anayetafuta kadi ya picha, kile kifaa kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini, hapa Malindi kwa kawaida huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi, nami humwomba kwanza afungue kompyuta yake asome karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua mjini ni za mitumba zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine imara, lakini pawa saplai zake aghalabu ni za wati 180 hadi 300, hazina waya wa kuilisha kadi, na mara nyingi plagi zake za ndani ni za kampuni yenyewe, kwa hivyo huwezi kuchukua pawa saplai yoyote dukani ukaibadilisha. Tundu la kadi kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani, hutoa wati 75 tu, na kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake.

Nililijua hili kwa hasara. Nilipoanza kuhariri video za harusi niliagiza kadi kutoka Nairobi, ikaja na basi la usiku, na asubuhi nilipoifungua nikakuta ina tundu la pini nane ilhali mashine yangu haina waya huo. Muuzaji alikataa kuipokea tena kwa kuwa boksi lilikuwa limefunguliwa, na harusi ya watu wa Shela niliyokuwa nimeahidi ikachelewa siku tatu.

Ndiyo sababu kwa mwenye mashine ya aina hiyo, anayehariri video na kucheza michezo kwenye skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, ninaiweka mbele GeForce RTX 3050 ya gigabaiti 6. Nvidia waliitoa Februari 2024. Inakula wati 70 peke yake, nyingi kati yake hazihitaji waya wa ziada, na watengenezaji kadhaa wameitoa kwa kimo kifupi kinachoingia katika kasha jembamba, ingawa hata hiyo mara nyingi huchukua nafasi ya matundu mawili. Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 300. Kwa pawa saplai ya 240 yenye hali nzuri, fanya hesabu: kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kama Core i5-7500 ni wati 65, kadi ni 70, na vilivyobaki ndani ya kasha havizidi sana 40, jumla kama 175. Inawezekana, lakini pawa saplai ya wati 180 ningeiacha.

Lakini kuna mtego katika jina, na hapa nataka msomaji atulie. RTX 3050 iliyotangulia, ya Januari 2022, ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, viini 2560 vya kukokotoa, njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 128 na kasi ya gigabaiti 224 kwa sekunde, na inakula wati 130. Hii ya gigabaiti 6 ina viini 2304, njia ya biti 96 na kasi ya gigabaiti 168 kwa sekunde. Kwa hiyo tofauti yao si gigabaiti mbili tu, na sioni kuwa ni haki kwa mnunuzi kadi mbili zisizolingana kubeba jina moja. Ukiona tangazo lililoandika "RTX 3050" bila kutaja kumbukumbu, uliza kabla ya kutuma pesa.

Radeon RX 6600, iliyotolewa na AMD Oktoba 2021, inaishinda wazi katika michezo. Ina gigabaiti 8, njia ya biti 128 na gigabaiti 224 kwa sekunde, na katika michezo mingi huzalisha fremu, yaani picha kwa kila sekunde, zaidi kwa theluthi moja au hata kupita hapo. Kama unajenga kompyuta mpya, au unafungua kibanda cha gemu, hii ndiyo ya kwanza, bila ubishi. Lakini inakula wati 132, inataka waya wa pini nane, na AMD wanashauri pawa saplai ya wati 450. Tofauti ya wati 62 kati ya kadi hizi mbili, zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku, ni karibu uniti 15 za umeme kwa mwezi, kwa mashine moja. Mwenye mashine sita azidishe mwenyewe. Joto hilo lote pia hutoka ndani ya chumba, na wakati wa kaskazi, dirisha likiwa wazi na upepo wenyewe una moto, feni za kadi hazipumziki.

Kwa uhariri mizani inarudi upande wa Nvidia. Programu kama DaVinci Resolve ya kuhariri video na Blender ya michoro ya 3D hutumia vizuri viini vyake vya CUDA, mfumo wa Nvidia wa kuifanyisha kadi hesabu nzito, na kadi hii ina sehemu maalumu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, ambayo humpunguzia kichakataji mzigo wakati wa kutoa filamu ya saa mbili.

Nafasi ya tatu ni GTX 1650 ya mwaka 2019, gigabaiti 4 na wati 75, iwapo utaipata iliyotumika kwa bei ya chini. RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, nayo hushawishi, lakini haina kabisa sehemu ya kusimba video, na hutumia njia nne tu za PCIe, yaani mfumo wa lile tundu la kadi, hivyo kwenye mashine ya zamani yenye toleo la PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake. Mpiga video asiinunue.

RX 580 ya mwaka 2017 ninaiweka mwisho, ingawa ina gigabaiti 8 na hupatikana kwa bei nyepesi: inakula wati 185, na nyingi zilichosha maisha yao katika uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Kadi yoyote ya mtumba iangalie mabano na skrubu, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huacha kutu mapema. Kisha mwombe muuzaji aiwashe mbele yako na afungue GPU-Z, programu ya bure inayoweza kutambua kadi nyingi za zamani zilizobadilishwa jina zionekane mpya, na hapo ndipo utoe pesa.