Kutafuta nakala ya cheti cha ndoa Tanga

Mimi na mume wangu tulipofika katika ofisi moja ya usajili mkoani Tanga kutafuta nakala ya cheti chetu cha ndoa, kilichoharibiwa na maji ya mvua, karani alitupokea kwa heshima, akapekua daftari la mwaka tuliooana ukurasa kwa ukurasa hadi akayakuta majina yetu. Nilifarijika mno, kwa kuwa mjane asiye na cheti hupata taabu kubwa kwenye mirathi. Kasoro ni ubao wa matangazo, usioeleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya kuoana. Wachumba waliotutangulia, ambao walikwisha kualika wageni, walirudishwa. Niliwaonea huruma sana.