Nimelipia taarifa kwa vyombo vya habari mara mbili kwa riwaya moja: uzoefu wangu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliishika methali hiyo miezi minne, na kwa miezi hiyo minne maboksi ya riwaya yangu yalikaa sebuleni yakila vumbi. Nilichapisha nakala 500 kwa fedha zangu. Sabini zilichukuliwa na ndugu, walimu wenzangu na wanafunzi niliowahi kuwafundisha, kisha kimya.

Ndipo nikatafuta mtu wa kuniandikia taarifa kwa vyombo vya habari. Nimelipia kazi hiyo kwa watu wawili tofauti, kwa kitabu kilekile, na matokeo yamepishana mno. Kabla ya kulipa nilitafuta maelezo ya mtu aliyewahi kupita njia hii nikakosa, kwa hiyo naandika yangu kwa ajili ya mwandishi mwingine anayejichapishia. Jina la kitabu silitaji, maana nia yangu hapa si kukiuza. Inatosha kusema kinahusu manamba, wale vibarua wa mikataba walioletwa kukata mkonge Tanga enzi za mkoloni. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, alifika kutoka Songea mwaka 1953.

Huduma ya kwanza niliipata mtandaoni. Kampuni inaahidi kuandika taarifa na kuisambaza kwa "vyombo zaidi ya 200" kwa shilingi 350,000. Nikajaza fomu: jina la kitabu, idadi ya kurasa, muhtasari, picha ya jalada. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza swali hata moja. Siku ya tatu taarifa ikaja, na kwa haraka yao sina la kulalamika.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa KWA KUTOLEWA MARA MOJA. Chini yake ikaanza hivi: "Mwandishi mahiri mwenye kipaji adimu anayo furaha kubwa kuutangazia umma wa wapenda vitabu ujio wa riwaya ya kusisimua ambayo msomaji hataweza kuiweka chini." Aya tatu zilizofuata zilikuwa za namna hiyohiyo. Neno mkonge lilitokea mara moja. Neno manamba halikuwemo. Bei haikuwemo, wala mahali pa kununua.

Kilichoniumiza hasa ni nukuu. Walikuwa wameweka maneno ya sifa kutoka kwa "mhakiki mmoja wa fasihi". Nikauliza ni nani. Wakajibu kwamba ni kawaida, husaidia taarifa iwe na uzito. Hakuna mhakiki aliyekuwa amekisoma kitabu changu. Niliwaambia waiondoe, wakaiondoa, lakini nafasi yake ikajazwa maneno waliyoyaweka kinywani mwangu ambayo nisingeyasema hata usingizini. Ninasomesha watoto wa watu. Siwezi kuweka jina langu chini ya uongo.

Ikasambazwa. Baada ya wiki mbili nikatumiwa ripoti: tovuti nne zimeichapisha. Nilizifungua zote. Ni zile tovuti zinazobandika chochote kinachotumwa, taarifa yangu ikiwa katikati ya matangazo ya viwanja na mikopo. Hakuna gazeti lililoigusa, hakuna redio iliyopiga. Nakala nilizouza kwa sababu yake: hata moja.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka kwa mtu wa pili, mzee mmoja. Alikaa kwenye dawati la habari la gazeti karibu miaka 30, sasa amestaafu, anaishi hapa Tanga. Anatoza shilingi 120,000, nusu kwanza na nusu kazi ikikamilika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hebu nione walichokuandikia."

Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani. "Habari iko wapi hapa?"

Nikamwambia, habari ni kwamba kitabu kimetoka.

"Kitabu kutoka ni habari kwako na kwa mama yako. Mhariri ana ukurasa mmoja, na mezani kwake kuna ajali ya basi, bei ya mahindi na ziara ya waziri. Niambie jambo ambalo abiria kwenye daladala akilisoma atamgeukia aliyekaa naye."

Nilianza kumweleza kisa cha riwaya, akanikatiza. Akauliza nilipataje wazo la kuiandika. Nikamweleza kuhusu sanduku la bati la babu, na kipande chake cha kazi nilichokikuta chini kabisa, chini ya kanzu. Kwa asiyejua, kipande ilikuwa kadi ya kibarua yenye nafasi za siku 30. Kila siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa iliwekwa alama, na mshahara ulilipwa siku 30 zilipotimia. Cha babu kina alama 19. Kwa nini aliishia 19 ndilo swali lililonifanya niandike kurasa 212.

Mzee alinyamaza kidogo. "Hicho kipande unacho?"

"Ninacho."

"Kesho kalete. Na hizi sifa zote uzisahau."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekosa kwa 350,000. Ile fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari ya sanduku, na mimi mwenyewe sikudhani kuwa ina thamani kwa mtu nje ya ukoo wetu. Siku ya pili alinihoji saa mbili nzima kabla hajaandika mstari: nani mwingine aliye hai anayeikumbuka kazi hiyo, shamba lilikuwa wapi, sanduku liko kwa nani sasa. Tukaandika pamoja, na mwanzo wake ukawa huu:

"TANGA. Kipande cha kazi kilichokaa zaidi ya miaka 60 kwenye sanduku la bati kimezaa riwaya kuhusu manamba waliokata mkonge mkoani Tanga. Imeandikwa na mwalimu wa sekondari ambaye ni mjukuu wa mmoja wao."

Hamna "mahiri" wala "kusisimua". Kichwa cha juu alikifuta na kuandika TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI, tarehe kulia, na mwishoni "Imetolewa na" pamoja na jina na simu yangu, kama wahariri wetu walivyozoea. Yale ya "kutolewa mara moja", alisema, yametafsiriwa kutoka Kiingereza, na mhariri wa Kiswahili akiyaona anajua hujaandika kwa ajili yake.

Alipenda kunikumbusha kazi hii ilikotoka. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City, Marekani, ikaua watu zaidi ya 50, na Ivy Lee, aliyekuwa akiihudumia kampuni hiyo, akawapa magazeti maelezo ya ajali badala ya kuificha. New York Times wakayachapisha. Wengi huitaja hiyo kuwa taarifa ya kwanza ya namna hii. "Aliwapa habari," mzee alisema, "hakuwaambia treni zao ni nzuri."

Suala la mpangilio lilinifundisha zaidi. Nilijua habari ya gazeti hujibu nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na kwamba yenye uzito hukaa juu. Nisichokijua ni kwamba nafasi ikibana mhariri hukata kuanzia chini, bila kusoma upya. Sasa fikiria waandishi wote tunaoweka bei na duka kwenye mstari wa mwisho. Sisi tuliingiza kwenye aya ya nne, kwa sentensi moja kavu: kurasa, bei ya shilingi 15,000, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, niliyoipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, duka la vitabu mjini, namba ya simu. Mwisho tukaweka yanayoweza kukatwa bila hasara: kwamba mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mimi nilitaka Hindorf awe juu kwa sababu ndiye niliyemfanyia utafiti mrefu. Mzee alikataa katakata, na alikuwa sahihi.

Kwa nukuu aliniruhusu mbili tu. Moja yangu, niliyoisema kweli huku yeye akiandika. Nyingine lazima itoke kwa mtu asiye na faida na kitabu. Tukaenda Muheza kwa mzee aliyekata mkonge ujanani, nikamsomea sura ya tatu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Hapo kwenye kuhesabu mafungu umesema kweli. Nyapara alikuwa anahesabu kwa mguu." Maneno hayo yakaingia kama yalivyo, na ndiyo yaliyonukuliwa na kila aliyeitumia taarifa.

Yote yalikaa kwenye ukurasa mmoja. Tukaituma kwa watu 11 tu, kila mmoja kwa jina lake, maneno yakiwa ndani ya barua pepe yenyewe ili mhariri aweze kunakili, pamoja na picha mbili zenye maelezo: jalada, na kiganja changu kikiwa na kipande. Tarehe tuliichagua kwa makusudi. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, na vyumba vya habari hutafuta mambo ya lugha na vitabu wakati huo. Mzee akasema tukisubiri wiki yenyewe tutagongana na kila mwandishi nchini. Tukatuma Juni 24.

Watatu walijibu. Redio moja ya hapa ilinihoji dakika 20. Gazeti moja lilichapisha taarifa karibu yote, picha ya kiganja ikiwa juu. Gazeti jingine lilitumia aya tatu za mwanzo na kuacha ya nne, kwa hiyo wasomaji wake hawakujua wanunue wapi. Hilo lilinikera, ila sikuwa na la kufanya. Kwa wiki tatu niliuza nakala 64, nyingi kwa watu wa Korogwe, Muheza na Pangani ambao wazazi wao walikuwa mashambani. Mama mmoja alinipigia akaniambia hana haja ya kitabu kwanza, anataka nimsomee namba iliyo kwenye kipande, isije ikawa babu yangu na baba yake waliingia kazini pamoja. Namba zao zinapishana kwa 40.

Mapungufu ya mzee yapo na ni haki yasemwe. Hana haraka: kazi ilichukua siku tisa. Anaandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, kuchapa ni juu yako. Hatoi risiti. Kenya hana mtu anayemjua, kwa hiyo barua pepe ya kwenda gazeti la Taifa Leo niliitafuta na kuituma mwenyewe. Na kama kitabu chako hakina kipande ndani ya sanduku, yaani kama hutaki kuulizwa maswali ya nyumbani kwako, hatakufaa, maana hataandika kabla hajakipata.

Huduma ya kwanza naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa kutimiza muda waliosema. Ya pili naipa nne. Toleo la pili la riwaya liko kiwandani, nakala 300, na safari hii rasimu ya taarifa nimeiandika mwenyewe. Inaanza na yule mama na zile namba mbili. Nilimpelekea mzee juzi. Amekata aya mbili, moja ni ya Hindorf.