TAHADHARI: Anayefunga "bomba la hewa la spoti" Mtwara na Lindi anaondoka na boksi na sensa yako ya asili

Ndugu zangu wenye magari madogo Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba, naomba msome hili hadi mwisho kabla hamjafunguliana boneti na mtu msiyemjua.

Msimu huu wa korosho kuna jamaa anazunguka huku kwetu akifunga kwenye magari kitu anachokiita bomba la hewa la spoti. Ni bomba la alumini linalong'aa, mbele lina filta nyekundu yenye umbo la koni. Anasema linaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Mimi alinifungia kwenye IST yangu mwishoni mwa Oktoba. Nimelipa mara tatu, gari imekuwa inasita kila nikikanyaga mafuta, na nusura niue familia barabarani. Lakini mtego wenyewe si lile bomba. Mtego ni boksi la filta na sensa ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini) vilivyokuja na gari kutoka Japani. Hivyo ndivyo anavyovitaka.

Jina lake silitaji. Taarifa iko polisi, na namba za simu anabadilisha kama shati. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamjua kwa mwenendo wake.

Siku ya kwanza alinikuta nimeegesha, akaniambia, "Kaka, gari yako inapumua kwa shida." Akafungua boksi la filta, akanionyesha filta yangu ya karatasi iliyojaa vumbi. Kweli ilikuwa na vumbi, nilikuwa nimetoka Newala kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, nani asiyelijua vumbi la ile njia? Filta ya karatasi ya IST ni ya bei ndogo, ningebadilisha tu yakaisha. Badala yake nikalipa 180,000 kwa bomba na kulifunga. Boksi la zamani akasema ni takataka, lakini kwa kuwa mimi ni mteja mzuri atalichukua na kunipunguzia 20,000. Nikamshukuru. Sensa yangu ya hewa akaichomoa kwenye boksi, akaichomeka kwenye bomba lake. Risiti akaniandikia kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.

Kufikia jioni nilishaona mabadiliko. Sauti ilikuwa kubwa, ile ya kufyonza hewa, na sauti inakudanganya udhani gari imepata nguvu. Ila ukikanyaga akseleta ghafla, gari inanyamaza kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua, kisha inashtuka na kwenda. Silensa nayo, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka. Nikampigia. Akasema gari bado inajifunza, niendeshe kilomita 500 itazoea.

Haikuzoea. Wiki moja baadaye akaja, akachomoa sensa, akaitazama juani, akasema imekufa. Akaniuzia "orijino mpya" kwa 120,000, na ile "iliyokufa" akaitia mfukoni. Mwenzenu sikuuliza anaipeleka wapi sensa iliyokufa.

Mara ya tatu alileta chipu ya kuongeza nguvu, 60,000. Kijiboksi cheusi chenye nyaya mbili, akakiunga kwenye nyaya za soketi ya sensa ile ile. Siku mbili gari ikawa afadhali kidogo, ikarudia palepale. Nikipiga simu, haipatikani hadi leo.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Nilikuwa nampeleka shangazi hospitali Ndanda, nyuma wamekaa mabinti zake wawili. Tumepita Mikindani vizuri. Mbele kidogo nikakutana na lori la saruji linalojikokota. Njia nyeupe, nikatoka kulipita, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Gari ikanyamaza. Si sekunde nyingi, labda moja na nusu, lakini uko upande wa kulia wa barabara, ubavuni mwa lori, na kwa mbele basi limetokeza. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori matairi yakilia. Shangazi hakusema neno mpaka tunafika Mnazi Mmoja. Aliposhuka kunyoosha miguu aliniuliza, "Mwanangu, gari hii ni nzima?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tulienda Ndanda taratibu na kurudi taratibu. Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi mmoja mtu mzima pale Mtwara mjini, mwenye mashine ya kupimia. Sitamtaja naye, hakuniomba matangazo. Alichonifundisha siku ile nataka kila mwenye gari ya sindano (isiyotumia kabureta) akijue, kwa sababu ukikijua huyu jamaa hakupati.

Kompyuta ya gari inatakiwa kuchanganya petroli na hewa kwa uzito, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa inapimwa na ile sensa. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inaangalia umeme kiasi gani umetumika kuurudishia joto. Lakini sensa haioni hewa yote. Inaonja tu inayopita mbele yake, halafu kompyuta inakadiria iliyobaki kwa sababu waliotengeneza gari wanajua upana wa njia pale sensa ilipokaa. Ukibadilisha upana, umevuruga hesabu nzima.

Fundi akachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana. Bomba la jamaa lilikuwa na milimita 70 kwa ndani. Akanambia tuseme njia ya asili ni milimita 60, tofauti ya 10 inaonekana ndogo machoni, lakini eneo la kupitisha hewa linaongezeka zaidi ya theluthi. Hewa ileile inapita polepole mbele ya sensa, uzi unapoa kidogo, kompyuta inaamini injini imevuta hewa kidogo, inatoa petroli kidogo. Injini inabaki na njaa.

Nikamuuliza, mbona nikienda mwendo mmoja gari inatulia? Akasema ukiwa mwendo mmoja, sensa ya kwenye ekzosi inaona mchanganyiko umepungukiwa petroli, inaiambia kompyuta iongeze, na inaongeza. Ukikanyaga ghafla hakuna muda wa kusubiri habari kutoka ekzosi. Kompyuta inaitegemea sensa ya hewa peke yake kwa wakati huo, na sensa inadanganya. Ndiyo maana gari inasita pale pale unapoihitaji, unapolipita lori au unapoingia barabara kuu.

Akaweka mashine. Msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo mno. Marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inalazimika kuongeza au kupunguza petroli, yalikuwa juu ya asilimia 30, wakati gari nzima hucheza karibu na sifuri. Halafu akacheka, akaniita nije nione: joto la hewa inayoingia kwenye injini, nyuzi 5. Mtwara, saa saba mchana, mwezi Novemba, jasho linatutiririka sote wawili. Ile "chipu" ya 60,000 akaipasua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na rezista moja, kitu cha shilingi mia chache kwa mafundi redio. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi, hivyo ni nzito, ili imwage petroli zaidi na kuficha upungufu kwa siku mbili tatu.

Sensa "orijino mpya" haikuwa na maandishi yoyote. Sensa ya asili ya Toyota ina namba inayoanzia 22204, na nyingi zina jina la Denso lililochapwa kwenye plastiki. Yangu ilikuwa laini kama kifuniko cha chupa. Na uzi wake ulishapakwa mafuta, kwa sababu ile filta nyekundu jamaa aliipulizia mafuta mengi hadi yakawa yanachuruzika, na mafuta hayo yanavutwa moja kwa moja kwenye sensa.

Kuna jambo jingine lililonikasirisha zaidi ya hayo. Ule mpira wa kupumulia unaotoka juu ya injini na kuingia kwenye njia ya hewa haukuunganishwa popote. Bomba lake halikuwa na tundu la kuupokea, kwa hiyo akauacha wazi umening'inia. Vumbi lote la barabarani lilikuwa na njia ya kuingia ndani ya injini yangu kwa mwezi mzima. Na klipu ya karibu na throto (mlango wa hewa wa injini) ilikuwa imelegea. Fundi alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo sana pale kwenye kiungo, injini ikiwa bado ya baridi, silensa ikabadilika papo hapo. Ina maana hewa ilikuwa inaingia pale bila kupita kwenye sensa. Kipimo hicho mwachieni fundi, dawa ile inashika moto haraka.

Kwa nini anataka boksi na sensa? Kwa sababu vinauzika. Nilipoanza kutafuta boksi la IST lenye sensa yake, lililotumika, kutoka Japani, nilitajiwa 150,000 Kariakoo, na 10,000 ya kulisafirisha kwa basi. Mimi nililiacha kwa 20,000, na sensa nikaitoa bure. Huku Mtwara ninaye jirani mwenye RunX aliyefungiwa bomba lilelile, naye alipunguziwa 20,000. Mwingine yuko Masasi. Sisi watatu tu tunaojuana tayari tumempa maboksi matatu. Anachuma kwenye bomba, anachuma kwenye sensa bandia, kisha anaenda kuuza vya kwetu mji mwingine.

Kama umeshafungiwa lakini sensa yako bado unayo, hujachelewa. Ondoa chipu kama ipo na mwambie fundi umeme aziunge nyaya vizuri. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu ya sensa za hewa. Usitumie petroli wala dawa ya kabureta, usiuguse uzi kwa kidole wala kitambaa, na iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa kama umechapwa, maana wengine wanafungiwa kinyume. Kaza klipu zote, rudisha mpira wa kupumulia mahali pake. Hata hivyo, bomba likiwa pana kuliko la asili, hayo yote yatapunguza tu ugonjwa. Dawa ni kurudisha boksi. Mimi nilirudisha boksi na sensa, fundi akachomoa waya hasi wa betri kwa dakika kadhaa ili kompyuta isahau hesabu za zamani, akaiwasha ikae silensa mpaka ipate moto, tukaizungusha mjini. Marekebisho ya petroli yakashuka hadi asilimia 3. Nikikanyaga, inaenda.

Na hilo la kupunguza mafuta tulifikirie pamoja. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa. Kama kweli bomba linaingiza hewa nyingi zaidi, petroli nayo itaongezwa. Kupungua kutatoka wapi? Niliona aibu fundi aliponiuliza swali hilo, kwa sababu hata mwanafunzi wa darasa la saba angelijibu.

Kwa aliyelipa kwa simu: hifadhi ujumbe wa muamala, usiufute, na uende nao polisi ukachukue RB hata kama unaona hela ni ndogo. Sisi wawili wa Mtwara tumeshafanya hivyo, na wa Masasi ameahidi kufanya huko huko. Namba aliyokutapeli nayo iripoti kwenda 15040. Sensa bandia msitupe. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na bila kitu chenyewe mkononi utabaki na maneno matupu. Fundi yeyote akikubadilishia kifaa, mwambie kile cha zamani unaondoka nacho, hata kama kimekufa. Atakayekataa au kukupa bei ya kukichukua, funga boneti uondoke. Mwenye duka halisi atakupa risiti ya EFD bila kununa.

Nina ombi moja la mwisho. Boksi langu lina ufa karibu na klipu ya upande wa kushoto, niliuziba mwenyewe mwaka jana kwa gundi nyeupe, na ndani ya kifuniko kuna tarehe niliyobadilisha filta, nimeiandika kwa kalamu ya wino mwekundu: 14/6. Kama umenunua boksi la IST Lindi, Nachingwea, Masasi au popote na lina alama hizo, sina ugomvi nawe na silidai. Niandikie tu ulilinunua siku gani na kwa nani, niipeleke taarifa hiyo kwa mpelelezi anayeshika jalada letu.