Banda la vitabu vilivyotumika, Darajani

Kwa anayetafuta vitabu vya bei nafuu mjini Unguja, banda dogo lililo karibu na soko la Darajani linastahili kutembelewa. Nilinunua hapo, kwa shilingi 5,000, kitabu cha maisha ya Dan Rooney, aliyekuwa mmiliki wa Pittsburgh Steelers, timu ya NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambayo baba yake aliianzisha mwaka 1933, nikakisoma barazani kwa siku tatu, kahawa ikipoa kikombeni.

Kilichonigusa zaidi ni kanuni ya mwaka 2003 iliyopewa jina lake, ambayo mwanzoni ilizitaka timu za ligi hiyo kumsaili angalau mtu mmoja kutoka jamii za wachache, wakiwemo Wamarekani weusi, kabla ya kuajiri kocha mkuu. Naiona ni kazi kubwa kuliko makombe yote ya timu yake. Mwaka 2009 Rais Obama, ambaye Rooney alimuunga mkono ingawa Rooney mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama pinzani cha Republican, alimteua kuwa balozi nchini Ireland, na huko alizizuru kaunti zote 32 za kisiwa kizima, zikiwemo zilizo chini ya Uingereza.

Kwa bahati mbaya, sura hiyo ya ubalozi ilikuwa imenyofoka kurasa nne, nami nilisikitika sana. Nilipokirudisha, muuzaji alikipekua kwa makini, akasema, “Samahani, sheikh wangu, hili ni kosa langu,” akanirejeshea shilingi 2,000 bila ubishi. Kagueni kurasa kabla ya kulipa, lakini nendeni.