Weird Tales la 1933: nakala mpya, gazeti kuukuu, na uzoefu wangu

Nakala hii ninayo mwezi wa nne sasa na nimeisoma mara mbili. Ni uchapaji mpya wa Weird Tales la Oktoba 1933, jarida la hadithi za kutisha lililokuwa likitoka Chicago na kuuzwa senti 25. Nililipa dola 15, dada yangu akanibebea aliporudi likizo kutoka Marekani.

Nililitaka kwa ajili ya jalada. Ni yule mwanamke mwenye kinyago cheusi cha popo; ukishamwona mara moja humsahau. Mchoraji ni Margaret Brundage, mama wa Chicago aliyelea mwanawe kwa kazi hiyo. Alitia sahihi "M. Brundage" tu, na wasomaji wengi wakadhani ni mwanamume. Wenzake wengi walitumia rangi za mafuta, yeye alitumia chaki za rangi, ndiyo maana ngozi za watu wake zina ule ulaini wa unga. Chaki hufutika kwa kuguswa. Jarida lilipohamia New York mwaka 1938, kuisafirisha michoro yake salama ikawa shida.

Hapo ndipo nakala mpya iliponivunja moyo. Weusi wa popo umekolea mno, na ngozi inang'aa kama plastiki. Maandishi ya ndani hayana kasoro: yanasomeka vizuri, karatasi ni nyeupe, kingo zimekatwa sawasawa. Lakini jalada ndilo nililolilipia.

Nikatafuta gazeti lenyewe la zamani. Nilipata toleo la 1937, pia la Brundage, kwa dola 70. Muuzaji alisema lina hali nzuri. Lilifika mgongo umepasuka na jalada la nyuma halipo. Nilikasirika, halafu nikaliinamisha kidogo dirishani. Kivuli cha begani kinafifia polepole kuelekea shingoni, kama kidole kimepita juu ya chaki sasa hivi. Hasira zikaisha.

Kurasa za ndani ni habari nyingine. Zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, karatasi ya bei ya chini kabisa, na kwa miaka asidi yake huila yenyewe. Zangu zimekuwa rangi ya chai ya rangi. Kila nikifunua, chembe zinadondoka, kwa hiyo hutandika kanga mezani kwanza. Jalada lilichapwa kwenye karatasi bora zaidi, ndiyo maana limedumu. Ukinunua, liweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadibodi ngumu, mbali na jua, na usilikunje nyuma kwa nyuma kama gazeti la asubuhi.

Baba alikuwa msomaji wa Lance Spearman, yale magazeti ya picha ya miaka ya 60. Nilipomwonyesha hili alilishika kwa mikono miwili, akauliza kama huyu wa jaladani yumo kweli kwenye hadithi. Ndilo swali la kuuliza, kwa sababu majalada mengine yaliahidi kitu usichokikuta ndani.

Hadithi zenyewe zinapishana. Nyingine zinakukamata mpaka saa nane usiku. Nyingine zinaniuma: Mwafrika akitokea humo, mara nyingi ni mpagazi au mchawi, na Afrika yao ni msitu mmoja usio na mji. Mzazi ajue hilo kabla ya kumpa mtoto.

Jambo moja tangazo la nakala mpya halikulisema: hadithi ya jaladani, The Vampire Master, ina sehemu nne, hadi Januari 1934. Unafika pamoto, unakuta "itaendelea". Sehemu zilizobaki nilizisoma bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako kurasa zilizopigwa picha zinaonyesha hata madoa.

Kwa kusoma, anzia huko, huhitaji kulipa. Dola 15 zile nisingezitoa tena. Kwa jalada, tafuta gazeti kuukuu hata kama limechakaa, na kabla ya kulipa muombe muuzaji picha za mgongo na za nyuma.