Nilimpeleka Mlenda kwa daktari wa mifugo, nikarudi na dawa ya josho

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe limepita muda kidogo, kwa hiyo nikichanganya siku mnivumilie. Ilikuwa ule msimu wa joto kabla mvua hazijaanza, wakati ambao Dodoma vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la sukari lenye mfuniko. Kliniki hii naipa nyota moja. Na hiyo moja ina mwenyewe, wala si daktari.

Jina lao naliacha. Niseme tu kwamba nje wana bango kubwa lenye ng'ombe, mbuzi, mbwa, kuku na samaki. Huyo samaki mumkumbuke, maana ndiye aliyeniingiza mle ndani.

Mgonjwa anaitwa Mlenda. Ni aksolotli. Mke wangu ni Mgogo, ndiye aliyempa jina siku ya kwanza alipojaribu kumshika akamponyoka, akasema huyu hata ukimmenya hakamatiki. Wageni wakija nyumbani hudhani ni kambale aliyeota miguu. Si samaki, na si mjusi pia. Ni jamaa wa vyura, ila chura akikua anapoteza matamvua anatoka nchi kavu, huyu anazeeka majini na matamvua yake yananing'inia nje ya shingo, vishada vitatu kila upande, kama mapambo ya pazia la sebuleni. Kwao ni Xochimilco, Mexico, kwenye mifereji ya maji baridi, kimo cha karibu mara mbili ya Dodoma kutoka usawa wa bahari. Sasa mtoe huko umlete mtaa wa Kisasa mwezi wa kumi na moja, chini ya bati.

Sikumnunua. Aliachwa na jirani yangu, mtaalamu wa mradi aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Alinikabidhi tangi la kioo, pampu, kipimajoto na bahasha ya vibali, kwa kuwa biashara ya viumbe hawa inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1975 na huko porini kwao wamebaki kidogo mno. Akaniambia neno moja la muhimu: maji yasizidi nyuzi 20, ikiwezekana yakae 16 hadi 18. Nikamwitikia kama watu tunavyoitikia mtu anayeondoka.

Siku ninayoisema kipimajoto kilikuwa 29. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni niliyokuwa nimeielekeza juu ya tangi imekufa kimya. Mlenda alikuwa hajala siku ya nne. Ncha ya mkia imejikunja kama ndoano, na kwenye matamvua ya kushoto kumeota kitu cheupe, kama pamba iliyonasa kwenye mwiba. Nikamtia kwenye ndoo yenye mfuniko niliotoboa, nikaweka kandoro mbili za maji zilizoganda nimezifunga kwenye taulo, nikachukua bajaji.

Foleni ilikuwa ya kawaida: mzee mmoja na mbuzi wake, mama na kuku wawili kwenye kikapu, kijana na mbwa aliyekuwa anamwogopa yule mbuzi. Nilikaa zaidi ya saa nzima nikigusa ndoo kuona kama bado ina ubaridi. Sikulalamika. Zamu yangu ikafika.

Daktari akafunua mfuniko, akarudi nyuma, kisha akacheka. Sisemi alitabasamu. Alicheka mpaka akashika meza. Akaita watu wa chumba cha pili: "Njooni, njooni muone!" Wakaja watatu. Mmoja akatoa simu akapiga picha kwa taa ya kamera, mara mbili, na kiumbe huyu hana kope za kufumba. Mama wa kuku naye akachungulia, akaguna, akasogeza kikapu chake mbali, na neno "uchawi" nililisikia vizuri.

"Sasa kaka," daktari akaniuliza huku anapangusa machozi ya kicheko, "hiki mnakula na ugali au na wali?"

Nimekuwa nikilifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Nikiwa naoga nalijibu, barabarani nalijibu, nimeshatunga majibu mazuri kama manane. Siku yenyewe nilisema, "Daktari, anaumwa." Basi.

Nikamweleza: hajala, mkia, fangasi, joto la maji. Hakuuliza maji ni ya wapi, hakuuliza tangi linasafishwaje, hakuuliza anakula nini. Akataka kumshika kwa mkono ule ule uliotoka kwa mbuzi, nikazuia, akanitazama kama niliyemvunjia heshima. Akasema hao ni wadudu wa ngozi tu. Akaandika kwenye karatasi dawa ya kuogeshea, matone matatu kwenye ndoo, aoge dakika tano, arudiwe baada ya wiki. Nikalipa pesa ya kumwona, nikalipa na ya dawa. Kumi na nane elfu jumla, kama sikosei, na risiti nilipewa nilipoiomba mara ya pili.

Sasa mwenye nyota. Kwenye kaunta alikaa binti mmoja, amevaa koti jeupe linalomzidi. Alinipa chupa, nikatoka. Nilikuwa nimeshaingia kwenye bajaji alipokuja mbio, akainama dirishani, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, samahani, mimi si daktari. Lakini kwetu Bahi josho likimwagika, vyura wote wa pale hufa. Mimi nisingemwekea." Akarudi ndani kabla sijamshukuru.

Nikageuza chupa. Dawa ya kuua kupe. Na pale pembeni, kwenye alama za hatari, kulikuwa na picha ndogo: mti mkavu na samaki amelala ubavu, amekufa. Samaki! Nje kwenye bango samaki mzima, ndani kwenye chupa samaki maiti. Dereva wa bajaji akaniuliza kama naumwa.

Nilimpigia simu binti wa dada yangu anayesomea udaktari wa wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nilipomsomea jina la dawa alipiga kelele hadi nikasogeza simu na sikio. "Mjomba! Ngozi ya huyo inakunywa! Chochote kilicho majini kinaingia mwilini!" Alipotulia akanipa kazi. Mtoe kwenye tangi, muweke kwenye beseni peke yake. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima klorini iishe, na ya beseni yabadilishwe yote kila siku. Chumvi isiyo na madini joto, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, kwenye chombo cha pembeni. Umwogeshe humo dakika kumi asubuhi na kumi jioni, usizidishe hata ukiitwa mlangoni. Na ubaridi, mjomba, ubaridi kwanza, maana joto ndilo linalomvunja nguvu na fangasi anapata nafasi.

Kisha akauliza, kwa upole unaoudhi: "Ile sponji ya kuchuja maji, mara ya mwisho uliiosha na nini?"

Haya. Hapa naomba mnielewe. Yalikuwa yametoka maji baada ya mgao wa siku mbili, nilikuwa na furaha, nikaisugua ile sponji chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya, nikajaza na tangi hapo hapo kwa mpira. Kumbe ndani ya ule uchafu ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa kitu kisicho na sumu kali. Niliwaua wote kwa klorini. Mlenda akawa anaogelea kwenye mkojo wake mwenyewe, kwa nyuzi 29. Kwa hiyo ndiyo, aliyemuumiza ni mimi. Lakini mtu akijiumiza akaenda hospitali si anatibiwa? Hachekwi! Na kama daktari angeuliza swali hilo moja la sponji, ningemsamehe hata ule ugali.

Chumvi ilinitoa jasho. Nilijikuta mtu mzima nimesimama soko la Majengo naulizia chumvi isiyo na madini joto, kitu ambacho tangu darasa la tatu tumefundishwa kukikwepa tusiote rovu. Kila muuzaji ananihakikishia kwa fahari kwamba yake inayo. Mmoja alidhani ni mkaguzi, akanionyesha mpaka maandishi ya pakiti. Mwishoni mama mmoja anayeuza magadi na ndulele akanitolea chumvi ya mawe kwenye kiroba, akaniuliza ni ya ng'ombe? Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza tena.

Ubaridi ulikuwa kazi ya mtaa. Mama Shani wa nyumba ya tatu ana friza ya kugandishia barafu za ubuyu, akanipa kona moja ya kuweka chupa zangu za maji. Masharti yake yalikuwa nisiseme ni za nini, wateja wake ni watoto na mama zao wana midomo. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, nilipishana na watoto wanaonunua barafu, nikabeba chupa moja iliyoganda na kurudisha iliyoyeyuka. Chupa inaelea kwenye beseni, haimwagwi, maana joto likishuka ghafla nalo linamtesa. Kipimajoto kikateremka pole pole: 25, 22, alfajiri moja kikagusa 18 nikamwamsha mke wangu aje aone. Hakufurahi kuamshwa.

Kama siku ya tano au ya sita ile pamba ikabanduka ikaelea yenyewe. Chini yake shada lilikuwa limebaki kijiti, nyuzi zimeisha. Jioni ile nikachimba mnyoo kwenye bustani ya mchicha, nikaunyonganyonga mbele ya mdomo wake. Akautazama muda mrefu. Halafu hap! Nusu ukawa ndani, nusu nje, na yeye ametulia na ile sura yake ya kutabasamu bila sababu. Nyuzi za tamvua zilirudi zenyewe baada ya wiki kadhaa. Hawa huota hata mguu mzima uliokatika. Mpwa wangu alikuja na treni ya umeme mwisho wa wiki mmoja, akamkagua, akasema yuko vizuri, akakagua na sponji.

Ningeishia hapo, lakini nilikuwa na ile chupa, kizibo hakijafunguliwa. Nikairudisha kudai pesa yangu.

Daktari alinikumbuka mara moja. "Ehee, mwenye mjusi! Amepona?" Nikasema amepona. Akawageukia wateja waliokuwa kwenye benchi, akapanua mikono: "Mnaona? Dawa hii haijawahi kuniangusha."

Sikusema kitu. Nilitoa chupa kwenye mfuko nikaiweka mezani na lakiri yake. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa. Yule binti wa kaunta akaanza kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa. Daktari akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba dawa ikitoka dukani hairudi.

Ningempa nusu nyota kwa hilo. Ila kuna jambo, na mke wangu amenikataza kutuma haya bila kulisema, kwa hiyo nalisema. Huyu huyu daktari, mwaka mmoja kabla, ng'ombe wa mama mkwe kule Chamwino alishindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya. Ilikuwa saa nne usiku, mvua inanyesha. Alikuja na bodaboda, akavua shati, akalala kwenye tope akaingiza mkono mpaka begani. Ndama akatoka mzima na mama yake akasimama. Hakuchukua nauli. Mama mkwe mpaka leo akimtaja anamwita mwanangu, mimi ananiita baba fulani.

Kwa hiyo ukiwa na ng'ombe, nenda. Nasema kwa moyo wote, nyota tano, na uende mapema kabla foleni haijajaa. Lakini kama huna ng'ombe... hapana, nikikumbuka kile kicheko mkono unaanza kutetemeka. Alishindwa nini kusema "hiki sikijui, kaka, niulizie"? Maneno manne hayo. Yule binti wa Bahi aliyasema kwa njia yake, akiwa amesimama juani kwenye vumbi, bila koti la saizi yake. Nyota moja inabaki, ni ya kwake, na huyo samaki wafute kwenye bango.

Chupa sikuitupa, pesa yangu imo ndani. Niliipeleka Chamwino. Mama mkwe anasema kupe wameisha kabisa.