Duka la dawa la Kondele lililoniuliza unga wa uji (nyota nne kati ya tano)

Nimenunua dawa katika maduka mengi ya Kisumu kwa miaka saba. Hili dogo la Kondele, lenye mlango wa buluu ng'ambo ya wauza viatu vya mitumba, ndilo la kwanza kuniuliza binti yangu anakunywa uji wa nini.

Binti ana miaka 9. Ana sistinosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mimi na babake tuliubeba bila kujua. Ndugu zake wawili hawaugui. Sistini, moja ya vijenzi vya protini, hujilimbikiza ndani ya seli na kuwa fuwele. Figo ndizo zilizoumia kwanza, kwa hiyo tulizoea kiu isiyokwisha, mkojo mwingi kupita kiasi, na matege. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba fuwele hizo hizo hujaa pia kwenye thairoidi, ile tezi ya shingoni, na kuichakaza polepole mpaka homoni yake ipungue.

Mwaka jana alianza kuvaa sweta saa nane mchana. Kisumu, mwezi wa Februari! Alisinzia darasani, choo kikawa kigumu, na alama ya kimo chake kwenye fremu ya mlango haikuwa imesogea tangu Krismasi ya mwaka uliotangulia. Vipimo vikaonyesha TSH, homoni inayoiamsha thairoidi, iko juu, maana yake mwili unaihimiza tezi ifanye kazi nayo haiwezi. Akaandikiwa levothiroksini, kidonge cha kufidia homoni ya thairoidi. Baada ya miezi mitatu TSH bado ilikuwa juu, na katika kituo kimoja nikaambiwa huenda simpi mtoto dawa. Nililia njiani. Mimi huamka saa sita usiku, kila usiku, kumpa sisteamini, dawa ya kupunguza sistini mwilini, kwa sababu dawa hiyo hutakiwa kila baada ya saa sita. Sijawahi kuruka hata mara moja.

Mfamasia wa Kondele ni kijana mpole. Alisoma cheti, akasema, "Mama, hebu zitoe zote mkobani tuzitazame." Zikajaa kaunta. Akainua ile ndogo, levothiroksini. "Hii unampa saa ngapi?"

"Asubuhi, daktari, pamoja na zote. Naisaga, naikoroga ndani ya uji."

"Uji wa unga gani?"

Wimbi, mtama, omena na soya. Akaweka kalamu chini.

Alinieleza taratibu, huku watu wakisubiri nyuma yangu, kwamba soya huzuia levothiroksini isifyonzwe vizuri tumboni, na kwamba kalsiamu na vidonge vya madini ya chuma huishika dawa hiyo hivyo hivyo. Binti yangu alikuwa akizimeza zote tatu kwa mkupuo mmoja. Akachukua karatasi akanipangia: levothiroksini saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, kwa maji peke yake. Saa kumi na mbili, sisteamini na uji usio na soya. Kalsiamu na chuma visikaribie kile kidonge cha alfajiri kabla ya muda wa saa nne kupita, kwa hiyo vikahamia mchana na jioni. Akaniambia pia nisiweke pakiti juu ya friji wala dirishani, kwa kuwa joto letu huiharibu.

Kipimo cha dawa hakukigusa, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini zaidi. Aliandika barua fupi kwa daktari wetu wa figo, akaomba TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Ilirudiwa katika wiki ya nane. Imeshuka mpaka kiwango cha kawaida, kwa kipimo kile kile cha dawa.

Bei ni kama ya kwingine. Hufungwa Jumapili. Sisteamini hawana, msiende kuiulizia pale. Ila ukimaliza pakiti ya levothiroksini watajitahidi kukupa ya kampuni ile ile, na wasipokuwa nayo watakwambia kabla hujalipa.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya nafasi. Foleni hutokea hadi barabarani na hakuna pa kukaa. Siku ile binti alisimama karibu saa nzima akiwa ameegemea tumbo langu. Wekeni benchi moja tu pale chini ya dirisha, tafadhali. Mtoto wa figo huchoka upesi.